Bwana Tshombe mbele ya mlango wa Kairo

Tunapozungumza hapa Kindu juu ya mwaka 1964, mara nyingi tunazungumza juu ya Simba tu. Tunahesabu wafu wetu, tunataja siku walipoingia na siku walipofukuzwa, kisha tunanyamaza. Hakuna wa kutulaumu kwa ajili ya hiyo. Lakini mwaka ule kulitokea jambo lingine, mbali sana nasi, kule Kairo, mji mkubwa wa Misri, na jambo lile lilituhusu hata kama watu wa Kindu siku zile walikuwa na mashaka mengine. Waziri wa kwanza wa inchi yetu alikwenda kwenye mkutano ambamo Kongo ilikuwa na kiti chake. Alitaka kusema. Akafungiwa mlango. Tunataka kulieleza jambo hili taratibu, kwa maana mpaka leo watu wanalisimulia nusu nusu: wengine wanamcheka Tshombe, wengine wanamlaumu Nasser, na wachache tu wanauliza ni nini kilichofanyika kweli.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Moïse Tshombe alizaliwa Musumba, katika Katanga, mwaka 1919, katika jamaa ya wafanyabiashara wenye mali, akafundishwa na wamisionari Wametodisti. Siku ya 11 Julai 1960, uhuru wetu ukiwa haujatimiza hata majuma mawili, alitangaza kwamba Katanga ni inchi ya pekee. Askari wa Ubeleji walimsaidia, na pesa za shaba zilimsaidia zaidi. Siku ya 17 Januari 1961 Bwana Patrice Lumumba alipelekwa Élisabethville pamoja na Bwana Mpolo na Bwana Okito, na usiku uleule wote watatu waliuawa. Serikali ya Katanga ikatangaza mwezi wa Februari kwamba walitoroka na kuuawa na watu wa kijiji. Nani alisadiki? Katika Afrika yote watu waliona kwamba damu ile iko juu ya mikono ya Tshombe na wenzake.

Kwetu Maniema jambo hili lilikuwa na uchungu wa pekee. Wakusu ni ndugu wa Watetela, na Lumumba alikuwa Mtetela. Chama chake cha MNC kilikuwa na nguvu huku. Kwa hiyo jina la Tshombe lilipotajwa katika nyumba nyingi za Kindu na Kibombo, halikutajwa sawa na jina la mwanasiasa tu, ila sawa na jina la mtu aliyeua ndugu.

Basi, Katanga ilishindwa Januari 1963, na Tshombe akakimbilia Hispania. Lakini mwaka 1964 inchi iliwaka moto tena: Mulele katika Kwilu, Soumialot na Olenga upande wa mashariki. Siku ya 30 Juni askari wa mwisho wa ONU waliondoka. Prezida Kasa-Vubu, akitafuta mtu mwenye ujanja na marafiki wenye pesa, akamwita Tshombe arudi. Siku ya 10 Julai 1964 yule aliyeivunja Kongo akawa waziri wake wa kwanza. Mambo ya siasa yana namna hizo.

Wiki ileile iliyofuata, viongozi wa OUA walikutana Kairo, tangu 17 mpaka 21 Julai. Mawaziri wao waliomba Tshombe asije. Mfalme Hassan II wa Maroko alikuwa mmoja wa waliosema wazi kwamba hawezi kuketi pamoja naye; Prezida Ben Bella wa Algeria naye vilevile. Kasa-Vubu akaona ni aibu, akaamua kwamba Kongo haitakwenda kabisa. Kumbukeni siku zile: Simba walikuwa wanapanda kutoka upande wa Albertville kuelekea Kasongo na Kindu, na mwisho wa mwezi uleule Kindu ikaanguka mikononi mwao. Siku ya 5 Agosti Stanleyville nayo ikaanguka.

Mwezi wa Septemba mambo yalikuwa mengine, na hapa tunaomba msomaji asiruke. OUA iliita mkutano wa mawaziri Addis Abeba, tangu 5 mpaka 10 Septemba, juu ya Kongo tu. Tshombe akaja, akaingia, akaketi, akasema. Hakuna paa lililoanguka. Aliomba askari wa inchi nyingine za Afrika waje kumsaidia. Wenzake wakamjibu kwamba kwanza awafukuze askari Wazungu wa kukodiwa, ambao alikuwa amekwisha kuanza kuwaleta tangu Agosti. Walibishana sana. Mwisho waliweka kamati, na mkubwa wake alikuwa Bwana Jomo Kenyatta wa Kenya, kusudi itafute amani kati ya Wakongo. Kamati ile haikufaulu, ni kweli. Lakini Tshombe aliulizwa maswali usoni, akalazimishwa kujibu, na yale aliyojibu yaliandikwa.

Sasa tufike Oktoba. Inchi zisizofungamana na upande wo wote, yaani zile ambazo hazikutaka kuwa chini ya Marekani wala chini ya Urusi, zilikuwa zimekutana mara ya kwanza Belgrade mwaka 1961. Kongo ilikuwako kule: Bwana Adoula na Bwana Gizenga walikwenda pamoja. Mkutano wa pili uliwekwa Kairo, tangu 5 mpaka 10 Oktoba 1964, na inchi 47 zilikuwako. Mawaziri waliotayarisha mkutano walimpelekea Kasa-Vubu habari: ni afadhali Tshombe asije. Maana yake ilikuwa wazi, ijapokuwa maneno yalikuwa ya adabu. Lakini Tshombe alisema yeye ni mkubwa wa serikali, na hakuna mgeni wa kumchagulia Kongo wajumbe wake. Akapanda ndege.

Ndege ilipokaribia Kairo, wakubwa wa kiwanja walikataa isishuke. Ikabidi iende mpaka Athènes, katika Ugiriki. Mtu mwingine angalirudi nyumbani. Tshombe hakurudi. Kesho yake aliingia katika ndege ya abiria ya Ethiopia, sawa na msafiri ye yote, akashuka Kairo. Wamisri wakamkuta mbele yao. Wafanye nini? Hawakumrudisha mara moja, wala hawakumpeleka mkutanoni. Walimpeleka katika jumba zuri linaloitwa Uruba, wakaweka askari mlangoni. Alilala kwenye kitanda kizuri na kula vizuri, lakini hakuweza kutoka.

Habari ilipofika Léopoldville, askari wa Kongo walizunguka nyumba za ubalozi za Misri na Algeria. Watu wa mle ndani nao hawakuweza kutoka. Nasser akajibu kwamba Tshombe hataondoka mpaka mabalozi wake wawe huru. Hivi wakubwa wawili wa Afrika walishikiana wageni kama watu wa kijiji wanaoshikiana mbuzi kwa ajili ya deni. Baada ya siku chache mambo yalilegezwa pande zote mbili, na siku ya 9 Oktoba Tshombe akatoka Kairo, akapitia Athènes, akafika Paris, na huko waandishi wa magazeti walimsikiliza kwa furaha kubwa. Hakusema hata neno moja mbele ya mkutano.

Na mkutano? Mkutano ulisema juu ya Kongo. Katika tangazo lake la mwisho uliwaomba wakubwa wa Kongo na wote wanaopigana waache vita, watafute mapatano kwa msaada wa OUA, askari wa kukodiwa wafukuzwe, na inchi za nje ziache kujiingiza. Ni maneno mema. Lakini kiti cha yule aliyeombwa kilikuwa kitupu, na mwenyewe alikuwa amefungiwa katika mji uleule.

Je, Nasser alikuwa na haki? Tujibu kwa haki nasi. Kila serikali inaweza kumkataza mgeni asiingie katika inchi yake. Desturi hiyo ni ya zamani, na serikali nyingi zinaitumia mpaka leo. Kama Tshombe angalitaka kwenda Kairo kufanya mikutano yake mwenyewe barabarani, Nasser angaliweza kumkataza, na sisi tusingalikuwa na la kusema. Lakini mtu anayepokea mkutano wa inchi nyingi si bwana wa viti vyote. Yeye ni mwenye nyumba tu, na wageni wamekuja kwa mwaliko wa wote. Mwaka 1988 serikali ya Marekani ilimkatalia Bwana Yasser Arafat ruhusa ya kuingia New York kusema mbele ya ONU. Na ONU ikahamisha kikao chake mpaka Genève, kusudi imsikie. Mwaka 1964 mkutano wa Kairo haukufanya hivyo. Ni lazima tuseme pia kwamba Nasser hakufanya peke yake: mawaziri wa inchi nyingi walikuwa wamekwisha kusema wasimtake.

Watu wanaomtetea Nasser wana neno lenye uzito. Wanasema: kumpa Tshombe kiti na kipaza sauti ni kumpa heshima, na kumpa heshima ni kusema kwamba damu ya Lumumba ni maji. Tunasikia neno hili, na watu wa Maniema hawawezi kulicheka. Lakini tukumbuke Septemba 1960. Prezida Kasa-Vubu alipotangaza kumwondoa Lumumba, wakubwa wa ONU mjini Léopoldville walifunga viwanja vya ndege na nyumba ya radio, wakisema ni kwa ajili ya amani. Lumumba, ambaye nguvu yake ilikuwa kinywani, hakuweza kusema na taifa kwa radio. Adui zake walikuwa na radio ya Brazzaville ng'ambo ya mto. Watu wetu walikasirika, na walikuwa na sababu. Basi wale waliolia mwaka 1960 kwa sababu kinywa cha Lumumba kilifungwa, wengi wao walicheka mwaka 1964 kinywa cha Tshombe kilipofungwa. Na wale waliofurahi mwaka 1960 ndio waliopiga kelele mwaka 1964. Hatusemi kwamba watu hawa wawili ni sawa. Tunasema juu ya mlango tu.

Na ni nani aliyekosa faida katika kufunga mlango ule? Hapa turudi Kindu. Siku zile za Oktoba mji huu ulikuwa mikononi mwa Simba. Makarani, walimu, watu waliojua kusoma, wale walioshitakiwa kuwa wa chama kingine, waliuawa kwa wingi. Mapadri na masista waliishi na hofu mchana na usiku. Upande mwingine, ndege za serikali zilipiga mabomu, na safu ya askari pamoja na Wazungu wa kukodiwa ilikuwa inatayarishwa. Iliingia Kindu siku ya 5 Novemba, na siku ile nayo watu wengi walikufa ambao hawakuwa na bunduki. Kama Tshombe angaliingia mkutanoni Kairo, wangaliweza kumwuliza mbele ya inchi 47: Wazungu hawa ni wangapi? Nani anawalipa? Utafanya nini na watu wa Maniema utakapowapata? Na yeye angaliweza kuuliza wengine, Algeria na Misri wa kwanza, kama kweli hawana nia ya kuwapelekea Simba silaha. Maswali haya hayakuulizwa. Mwezi wa Desemba Ben Bella mwenyewe alitangaza kwamba Algeria inawasaidia waasi.

Tusizidishe. Mtu akisema kwamba vita ingalikwisha kama Tshombe angalisema Kairo, anasema ndoto. Askari wa kukodiwa walikuwa wamekwisha kufika, Wamarekani na Wabeleji walikuwa wamekwisha kukata shauri. Lakini jambo moja ni hakika: aibu ile ilimtia Tshombe nguvu nyumbani. Watu waliokuwa hawampendi walikasirika kwa ajili ya Kongo iliyodharauliwa. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, vyama vilivyoungana naye katika CONACO vilipata viti 122 katika bunge la viti 167. Ujanja wake ulifanya kazi hiyo, na pesa, na vita. Lakini Kairo nayo ilisaidia.

Tuongeze neno dogo kwa waseminari wetu. Siku ya 6 Agosti 1964, yaani kesho ya kuanguka kwa Stanleyville, Papa Paulo VI alitoa barua yake Ecclesiam Suam, na sehemu kubwa ya barua ile ni juu ya mazungumzo, hata na wale wanaotupinga. Mwezi wa Oktoba Mtaguso ulikuwa unakaa Roma. Mwalimu wa historia anayefundisha mwaka 1964 afanye vizuri kuweka tarehe hizi katika ukurasa mmoja, aone wanafunzi watauliza nini.

Mwisho wa Tshombe unajulikana kidogo tu. Kasa-Vubu alimwondoa Oktoba 1965; Novemba Mobutu akatwaa serikali; Tshombe akakimbilia Hispania tena, na Machi 1967 alihukumiwa kufa naye hayuko. Siku ya 30 Juni 1967 ndege aliyopanda ilitekwa hewani ikapelekwa Alger. Ben Bella, ambaye hakutaka kuketi naye, alikuwa amekwisha kupinduliwa na kufungwa katika inchi ileile. Mahakama ya Algeria ilikubali Tshombe arudishwe Kongo, lakini Prezida Boumediene hakumtoa, wala hakumwachilia. Alikaa kifungoni miaka miwili, akafa siku ya 29 Juni 1969, akazikwa Etterbeek, katika Ubeleji.