Mtoto Mbele ya Hakimu: Somo la Winson Green

Kila kijana wa Birmingham anapokamatwa na kisu, ubishi huzuka upya katika vikao vyetu hapa Harborne: ashtakiwe kama mtu mzima, au kama mtoto? Mji huu ulikwisha kuonja jibu la kwanza, na uhai ulipotea.

Mwaka 1853 Edward Andrews, mvulana wa miaka 15, alihukumiwa kifungo cha miezi 3 kwa kuiba ratili 4 za nyama ya ng'ombe. Alipelekwa pamoja na watu wazima katika gereza la Winson Green, si mbali na Harborne. Alitakiwa kuzungusha mkono wa mashine mara 10,000 kwa siku. Asipotimiza, aliambulia mkate na maji. Alivishwa koti la kufunga mikono na ukosi mgumu wa ngozi, akafungwa ukutani na kumwagiwa maji. Mwezi Aprili alijinyonga. Tume iliundwa kuchunguza, na mwaka 1855 mkuu wa gereza, William Austin, naye akahukumiwa miezi 3.

Walioonya walikuwapo. Desemba 1851 jaji wa mji, Matthew Davenport Hill, pamoja na Mary Carpenter wa Bristol, waliitisha mkutano papa hapa Birmingham kudai watoto wapelekwe shule za marekebisho. Sheria ikaja mwaka 1854, nayo ya nusunusu: mtoto alitangulia kukaa gerezani siku zisizopungua 14. Mwaka 1905 Birmingham ikaanzisha mahakama ya watoto, miongoni mwa za kwanza nchini. Harborne ilikuwa imeingizwa mjini tangu 1891, hivyo watoto wa hapa nao wakanufaika. Sheria ya 1908 ikaeneza mahakama hizo nchi nzima.

Hata hivyo, kwa mashtaka ya mauaji mtoto bado hupelekwa mahakama ya wakubwa. Mwaka 1993 wavulana wawili, waliotenda kosa hilo wakiwa na miaka 10, walishtakiwa hivyo mjini Preston. Mwaka 1999 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba kesi haikuwa ya haki, kwa kuwa hawakuweza kuifuatilia wala kushiriki.

Hatusemi waliofiwa wasahau. Tunasema kwamba asiyeelewa anachoulizwa hawezi kujibu wala kujutia. Mahakama ya watoto haimsamehe mtoto. Inamfanya aelewe alichotenda.

Kenya ilirithi kwa Waingereza umri wa miaka 8 wa mtoto kushtakiwa, lakini mwaka 2022 ikaupandisha hadi 12. Uingereza ya Birmingham ingali na 10. Sisi tuliolelewa kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi tunayo ya kusema katika mjadala huu. Wahenga walisema mkunje, hawakusema mvunje.