Kodi ya asilimia 15 ya dunia: wahasibu wa migodi wajipange

Hapa Nkome stori nyingi ni za sangara na dagaa, lakini dhahabu ya Geita nayo inatuhusu. Kuna hii kodi ya chini ya dunia, wengi wanaisikia juujuu tu. Nimeikusanya kwa ufupi.

NI KODI GANI?
Oktoba 2021 nchi 136 zilikubaliana kwamba makampuni makubwa yanayofanya kazi nchi nyingi yalipe angalau asilimia 15 ya faida katika kila nchi. Inagusa makundi ya kampuni yenye mauzo ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu na duara lake hahusiki.

INAFANYAJE KAZI?
Tuseme kampuni imepata faida ya shilingi bilioni 100 hapa nchini, ila kwa sababu ya misamaha imelipa kodi ya mapato bilioni 9. Hiyo ni asilimia 9. Asilimia 6 iliyobaki inaweza kudaiwa na nchi yenye makao makuu, baada ya kutoa kwanza sehemu ya mishahara na thamani ya mitambo. Yaani sisi tunasamehe, mwingine anavuna!

Utasema mbona kodi yetu ya makampuni ni asilimia 30? Kweli, ila kiwango cha kwenye sheria ni kimoja na kinacholipwa baada ya misamaha ni kingine. Na mrabaha hauokoi, kwa sababu unatozwa kwenye thamani ya madini, sio kwenye faida.

NANI ANAGUSWA HUKU KWETU?
Mgodi wa Geita ni wa AngloGold Ashanti, ambayo mwaka 2023 ilihamishia kampuni mama Uingereza. Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, ni ya Barrick ya Kanada, na serikali yetu ina hisa asilimia 16. Uingereza na Kanada zote zina sheria hii kwa miaka ya hesabu iliyoanza 31 Desemba 2023 na kuendelea. Kenya nayo iliweka ya kwake Desemba 2024, ili hiyo tofauti ibaki nyumbani.

WAHASIBU WAFANYE NINI?
1. Wapige hesabu ya kila nchi peke yake, sio ya kundi zima.
2. Watunze vizuri kumbukumbu za hasara za nyuma na kodi iliyoahirishwa.
3. Waorodheshe kila msamaha na tarehe unapoisha.
4. Wajue muda: ritani ni ndani ya miezi 15 baada ya mwaka wa hesabu kuisha, 18 kwa mara ya kwanza.
5. Wafuatilie mabadiliko. Juni 2025 nchi za G7 zilikubali makampuni ya Kimarekani yaachwe nje ya sehemu ya kanuni hizi.

KWA NINI TUJALI?
Julai 2017 TRA iliidai Acacia dola bilioni 190 kwa Bulyanhulu na Buzwagi. Mgogoro ukaisha Januari 2020 kwa mkataba na Barrick, malipo dola milioni 300 pamoja na zile hisa. Ukiangalia pengo hilo unaelewa: ugomvi wa kodi unataka watu wanaojua hesabu, pande zote mbili.

Kwa hiyo wewe unayesoma uhasibu, usiishie kwenye VAT. Hapa kuna ajira, mgodini na TRA pia.

Je, tufuate njia ya Kenya, au tubane misamaha kwanza? Tiririka hapo chini.