Tunalala Mjini, Tunahesabiwa Kambini

Wenzetu mnaotusoma hapa, kuna swali moja mnatuuliza kila mara: nyinyi mnakaa wapi hasa, kambini ama mjini? Jibu letu ni pande zote mbili. Kadi ya chakula iko Rhino Camp, Imvepi au Lobule. Godoro, sufuria na sare ya shule viko ndani ya chumba kimoja cha kupanga, Arua au Koboko. Siku ya mgao ikifika, mmoja wetu anapanda boda, anaenda kupanga foleni, anaweka kidole kwenye mashine, halafu anarudi mjini na alichopewa. Jumatatu watoto wanaenda shule kama kawaida.

Wengine wanasema huu ni ujanja wa wakimbizi wa siku hizi. Neno hilo lilituuma. Tukaamua kuuliza wazee na kusoma kidogo historia ya mji huu. Tulichokuta ni kwamba Arua na Koboko zimekuwa miji ya kwenda na kurudi tangu mwanzo, na kila mara watu wamefika kabla ya huduma.

Tuanze mbali kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19, eneo hili liliwekwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, likaitwa Lado. Alipofariki Desemba 1909, mkataba wake ukaisha, na mwaka 1910 eneo likaenda upande wa Sudan. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikatiwa ndani ya Uganda, na kituo cha serikali kikawekwa Arua. Fikiria mzee wa Kilugbara au wa Kikakwa wa wakati ule. Amebadilishiwa serikali mara tatu na hajahama hata nyumba! Hadi leo Wakakwa wako nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Kwa hiyo mtu wa Koboko akisema anaenda kumwona shangazi, usishangae akivuka mpaka.

Baadaye wakoloni waliifanya West Nile kuwa mahali pa kuchukulia vibarua. Vijana walishuka kusini kukata miwa kwenye mashamba ya sukari na kulima mashamba ya Buganda, wakituma pesa nyumbani, wakirudi, wakienda tena. Familia mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Si ndivyo tunavyoishi sisi?

Arua yenyewe inasema hivyo kwa majina ya mitaa yake. Kuna mtaa unaitwa Tanganyika. Kuna Kenya. Kuna mwingine unaitwa Pangisha. Sisi tunaojua Kiswahili tulicheka tulipolisikia jina hilo mara ya kwanza, kwa sababu kupangishwa chumba ndiyo shughuli iliyotuleta mjini.

Halafu kuna historia ambayo wenyeji wetu hawaisemi haraka. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile waliogopa kisasi, na mwaka uliofuata vita vilipofika kwao walikimbia kwa malaki kwenda Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombachi, hapa hapa karibu na mji. Kwa miaka kadhaa watu wa Arua na Koboko walikuwa wakimbizi kule tulikotoka sisi. Wengi walirudi katikati ya miaka ya 1980, wakati vita vya Sudan navyo vilipowafikia huko walikojificha.

Mama mwenye nyumba wetu mmoja alizaliwa upande wa Yei. Siku tulipochelewesha kodi tulimwendea na maneno mengi ya kujitetea. Akatukatiza: "Wanangu, hata mama yangu alichelewesha kodi kule kwenu." Kodi tulilipa wiki iliyofuata. Lakini tangu siku ile hatumwiti tena mwenye nyumba, tunamwita mama.

Sasa tuje kwenye huduma, maana mji ni huduma. Sensa ya 2002 ilikuta watu karibu 44,000 katika mji wa Arua, na ile ya 2014 ikakuta zaidi ya 62,000. Halafu Julai 2016 mapigano yakarudi Juba. Imvepi ilifunguliwa Februari 2017, na Agosti mwaka huo wakimbizi wa Sudan Kusini ndani ya Uganda walifika milioni moja. Lobule, kule Koboko, ilikuwa tayari inapokea Wakongomani tangu 2013. Si wote waliobaki kambini. Mwenye mtoto wa sekondari, mwenye mgonjwa, mwenye mtaji mdogo wa kuuza nguo, wote walitazama mjini.

Mji nao ulikuwa unakua. Katikati ya miaka ya 2010 lami ya kutoka Arua hadi Koboko na Oraba mpakani ilikamilika, na safari iliyokuwa ya vumbi na kulala njiani ikawa ya asubuhi na kurudi jioni. Chuo Kikuu cha Muni kilianza kufundisha. Onduparaka, timu ya hapa nyumbani, ilipanda ligi kuu mwaka 2016, tukapata mahali pa kupiga kelele pamoja bila mtu kuuliza kabila. Umeme ulikuwa kilio cha miaka mingi. Bwawa dogo la Nyagak kule Zombo lilianza 2012, lakini gridi ya taifa yenyewe ilifika West Nile 2024. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ikatangazwa kuwa jiji.

Jiji, ndiyo. Lakini jerikeni bado ziko kwenye foleni. Bomba likikauka mtaani kwetu, mwenyeji na mkimbizi wanasimama mstari mmoja, na hapo ndipo maneno yanaanza: "Nyinyi mmekuwa wengi." Hatumlaumu anayesema. Mtoto wake anakaa darasa moja na wetu, watano kwenye benchi la watu watatu. Kweli tumekuwa wengi. Shida ni kwamba kwenye karatasi hatupo.

Hapa ndipo tunataka msikilize vizuri, hasa nyinyi mnaofanya kazi na mashirika. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, na tunashukuru, maana nchi nyingi hazina sheria kama hiyo. Ila msaada na hesabu vimefungwa kambini. Nje ya Kampala, mkimbizi anayekaa mjini kwa kawaida anahesabiwa kuwa mtu wa kambi. Jiji linapopanga visima, madarasa na dawa, linapangia waliomo kwenye daftari lake. Sisi tunakunywa maji yale yale, lakini daftari linasema tuko Imvepi. Sanya Wilson, akiwa meya wa Koboko, alilisema jambo hili hadharani, hata kwenye mikutano ya mameya wa nchi nyingine: mji wake unahudumia watu ambao bajeti haiwaoni.

Kwa nini basi tusijiandikishe tu mjini? Tuseme ukweli: tunaogopa. Tangu 2020 mgao umepunguzwa mara kadhaa. Mtu akisikia anaandikwa mjini, anadhani kesho jina lake litafutwa kwenye orodha ya chakula. Kwa hiyo mwenye daftari akipita, tunasema, "Sisi ni wageni tu, tumekuja kumwona ndugu." Tumesema hivyo miaka mingapi sasa? Baadhi yetu tumemaliza shule ya msingi tukiwa "wageni tu".

Ombi letu kwa wakubwa ni moja: tuhesabiwe pale tunapolala, na kuhesabiwa kusiwe adhabu. Mkitaka kuchimba kisima, ulizeni nani anachota, msiulize kadi yake imetoka wapi.

Na kwenu vijana wenzetu: mtaa una mwenyekiti wa LC1. Mwendee, msalimie, mwambie unakaa nyumba gani. Kikao cha usafi kikiitwa, nenda na jembe lako. Na ukikaa na mzee wa hapa, muulize mwaka 1980 alikimbilia wapi. Sisi tulipouliza, wengi walitaja vijiji tunavyovijua kwa majina.