Kabla ya Korea kulikuwa na msio

Siku hizi hata sisi wa Holili, tunaoshona magauni ya harusi karibu na mpaka wa Taveta, tunaulizwa: "Dada, Kikorea unakijua?" Swali la ngozi hilo, si la lugha!

Wakorea wenyewe walianzia jikoni. Miaka ya 1930, mjini Kaesong, mama mmoja aitwaye Yun Dok-jeong alikamua mafuta ya mbegu za kamelia akauza ya kupaka nywele. Mwanawe, Suh Sung-whan, alianzisha mwaka 1945 kampuni ambayo leo ni Amorepacific.

Na visiwani? Bibi zetu walisugua liwa juu ya msio kwa maji ya waridi, wakampaka bibi harusi usoni, kisha wakamsinga mwili kwa singo ya karafuu, asumini na mlangilangi. Siku baada ya siku, bila pupa.

Pupa ililetwa na krimu za zebaki, zilizoahidi weupe wa haraka. Zebaki hupenya ngozini, huumiza figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliziwekea ukomo mwaka 2020, lakini bado zinauzwa. Bibi harusi akituletea kikopo kisicho na orodha ya viambato, hata kiwe na maandishi ya Kikorea, tunamwambia akiache.

Usiku ondoa vipodozi kwa mafuta, osha kwa sabuni laini, paka krimu. Asubuhi, krimu ya kukinga jua. (Udhu mara tano hauhitaji sabuni mara tano!) Anza miezi mitatu kabla ya nikaha, wiki ya harusi usijaribu kitu kipya.