Chuku, Chuma na Damu ya Ziada

Zamani kupiga chuku ilikuwa tiba: ngozi inachanjwa kwa wembe, pembe inabandikwa, damu inafyonzwa. Leo ukisema fulani anapiga chuku, maana yake anatia chumvi kwenye habari. Naona lugha yetu ilianza kuitilia shaka tiba hii mapema.

Ulaya nako iliporomoka. Mwaka 1835 Pierre Louis wa Paris alihesabu wagonjwa wa nimonia waliotolewa damu, akaonyesha kwamba faida ilikuwa ndogo mno kuliko madaktari walivyojigamba.

Kumbe upo ugonjwa ambao tiba hiyo inaufaa kweli. Ni hemokromatosisi, jina alilolitoa von Recklinghausen mwaka 1889. Mwili hufyonza madini ya chuma kupita kiasi, yakajaa kwenye ini, kongosho na moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari Davis na Arrowsmith wa Marekani walieleza tiba ya kuwatoa wagonjwa hao damu mara kwa mara. Nusu lita hutoka na takriban miligramu 250 za chuma, na ili kutengeneza damu mpya mwili huchota kwenye akiba yake. Wakurya wa Tarime na Serengeti, waliozoea kumtoboa ng'ombe mshipa wa shingo kwa mshale na kunywa damu yake, wasingeshangaa: ng'ombe hafi, damu hurudi.

Nafuu ipo, ila si muujiza. Uchovu hupungua kwa wengi, na anayeanza mapema huliokoa ini lake. Lakini maumivu ya viungo mara nyingi hubaki, na kisukari kikishaingia hakitoki kirahisi.

Sasa ije Kisaka, huku kwetu Mara. Hemokromatosisi ya kurithi inayowapata Wazungu ni nadra kwa Waafrika. Kinachotusumbua Kanda ya Ziwa ni upungufu wa damu: malaria, minyoo, selimundu. Na hapo ndipo pagumu. Mtoto wa selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara naye hurundika chuma, maana kila chupa inakuja na chake. Huwezi kumpiga chuku wala kumtoa damu hivi hivi, kwa sababu hana ya ziada. Anahitaji dawa za kukiondoa chuma, nazo ni ghali.

Kwa hiyo mtu akikwambia kutoa damu kunaleta afya, usimbishie wala usimkubalie. Muulize kwanza: damu ya nani?