Mtoto Akitoka Eldoret Kwenda Mtongwe: Mzazi Afanye Nini?

Siku ya paredi ya kufuzu kule Eldoret, wazazi wengi huona safari imefika mwisho. Picha zimepigwa, nyimbo zimeimbwa, na kijana sasa ni mwanajeshi. Lakini kwa kijana aliyepangiwa Jeshi la Wanamaji, paredi hiyo ni mwisho wa hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili inamngoja Pwani, na hapo familia inaweza kumsaidia sana au kumvuruga bila kujua.

Makala haya yanaeleza hatua hiyo ya pili ni ipi, na mzazi aliye mbali, mwenye simu tu mkononi, anaweza kufanya nini.

Kwa nini mafunzo hayaishi Eldoret?

Kifungu cha 241 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja matawi 3 ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, yaani KDF: Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Wanahewa na Jeshi la Wanamaji. Makurutu wa matawi yote huanzia chuo kimoja cha makurutu, Eldoret. Huko raia hugeuzwa kuwa askari: nidhamu, gwaride, silaha, mbio na uvumilivu.

Baada ya kufuzu, kila mmoja huenda kujifunza kazi ya tawi lake. Makao makuu ya Jeshi la Wanamaji yako Mtongwe, eneo la Likoni, Mombasa. Jeshi hili liliundwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, na lina kambi nyingine Manda, Lamu.

Usilichanganye na Walinzi wa Pwani walioanza kazi mwaka 2018. Hao ni idara nyingine, nje ya KDF, ingawa nao hufanya kazi majini.

Anafundishwa nini sasa?

Eldoret ilimfundisha kuwa askari. Sasa anafundishwa kuwa baharia. Mafunzo ya baharia wa kijeshi, popote duniani, huanza na mambo ya kuokoa maisha: kuogelea, kuvaa jaketi la kuokolea, kutumia boti ya dharura, kufunga kamba, kushusha nanga na kukaa zamu usiku.

Kuna pia kuzima moto. Meli ikishika moto katikati ya bahari hakuna wa kupigiwa simu aje na gari la zimamoto. Kila aliyemo ndani ni mzima moto. Vivyo hivyo maji yakiingia melini, wenyewe ndio wa kuziba.

Baada ya hayo huja fani. Meli ni kama mji mdogo. Inahitaji fundi wa injini, fundi wa umeme, mtu wa mawasiliano, msomaji wa rada, mpishi na mhudumu wa afya. Muda wa mafunzo hutegemea fani aliyopewa, kwa hiyo usimlinganishe mwanao na wa jirani. Mmoja akimaliza mapema na mwingine akibaki darasani, haina maana kwamba aliyebaki ameshindwa.

Jambo moja huwashtua vijana wengi: hatua hii ina vitabu na mitihani. Aliyekuwa wa kwanza kwenye mbio anaweza kujikuta anahangaika na hesabu za umeme. Na kijana aliyekulia mbali na bahari huenda hajawahi kuingia maji yanayompita kimo. Akikuambia anaogopa maji, usimcheke. Usimwambie pia kwamba askari haogopi. Mwambie amweleze mkufunzi wake mapema, kwa sababu kuogelea hufundishika, na anayeficha woga ndiye anayejiweka hatarini.

Mwili nao unahama

Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku kuna baridi. Mombasa iko kwenye usawa wa bahari wenyewe, na jasho hutoka hata ukiwa umekaa. Umbali kati yake kwa barabara unakaribia kilomita 800. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea joto, na maji ya kunywa huwa muhimu kuliko alivyozoea.

Malaria ni jambo la pili. Kijana kutoka nyanda za juu huenda mwili wake haujazoea ugonjwa huu. Homa ikimpata, apimwe siku hiyo hiyo, asimeze dawa za kubahatisha.

La tatu ni kichefuchefu cha bahari. Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, bahari huchafuka, na hata mabaharia wa miaka mingi hutapika. Kwa watu wengi hali hupungua baada ya siku chache majini. Kuwa kwenye hewa safi na kutazama mbali, pale mbingu na maji yanapokutana, husaidia.

Kuna pia maumivu ya mifupa ya miguu na magoti yanayotokana na mazoezi mengi. Vijana huyaficha kwa kuogopa kurudishwa nyuma. Mzazi anaweza kusema neno moja la maana hapa: kuchelewa wiki chache ni afadhali kuliko kuumia maisha.

Simu: namna ya kuzungumza

Mwanafunzi wa jeshi hashiki simu anapotaka. Siku zikipita kimya, usianze kuwaza mabaya. Akiwa baharini, mtandao hupotea kabisa.

Akipata nafasi, kubalianeni siku na saa ya kupigiana, na muwe tayari kwamba mara nyingine itashindikana. Simu ikiingia, msianze na orodha ya shida za nyumbani. Muulize anakula vipi, analala vipi, rafiki yake ni nani, somo gani linamsumbua. Kisha nyamaza umsikilize. Akisema amechoka, si lazima umpe suluhisho. Mara nyingi anataka tu mtu wa kwao ajue.

Lakini kuna maneno ya kutopuuza: akisema maisha hayana maana, akiacha kula, akianza kuaga watu kwa namna isiyo ya kawaida. Mwambie wazi kwamba una wasiwasi naye, na umhimize amwone daktari au kasisi au imamu wa kambi siku hiyo hiyo. Kuomba msaada si udhaifu.

Pesa: msimfanye benki kabla hajasimama

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kijana akifuzu, kijiji kizima huanza kuhesabu mshahara wake. Karo ya mdogo wake, mabati ya nyumba, deni la shamba, mchango wa harusi ya binamu, vyote hupelekwa kwake kwa ujumbe wa simu kabla hajapokea mshahara wa tatu.

Matokeo yake ni mikopo. Kijana wa miaka 20 anayelala akiwaza deni haamki akiwa na akili ya kusoma rada. Kaeni kama familia, mchague jambo moja dogo analoweza kuchangia, mengine yasubiri. Mhimizeni aweke akiba hata kidogo kila mwezi. Mzazi ndiye mwenye sauti ya kuwaambia wajomba na mashangazi: mwacheni kwanza amalize.

Mdomo na mitandao

Mnajivunia mtoto wenu, na ni haki yenu. Lakini msiweke mtandaoni mahali alipo, jina la meli yake, tarehe ya safari au picha za ndani ya kambi. Mkipata habari hizo, zikae nyumbani.

Hili si jambo la kinadharia. Tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab walivamia kambi ya Manda Bay, Lamu, na Wamarekani 3 wakauawa. Adui anayepanga shambulio kama hilo hutafuta habari ndogo ndogo, na picha ya sherehe yenye maelezo marefu humfanyia kazi bure.

Msiba ukitokea nyumbani

Bibi amefariki, na kila mtu anasema kijana aje leo. Hapa tahadhari kubwa inahitajika. Chini ya Sheria ya KDF ya mwaka 2012, kuondoka bila ruhusa ni kosa, na kutoroka jeshi ni kosa kubwa zaidi. Kijana anaweza kufungwa na kupoteza kazi kwa sababu ya kutii simu ya mjomba.

Mpeni habari kwa utulivu, kisha aombe ruhusa kwa mkubwa wake. Barua ya chifu au kibali cha mazishi kitasaidia kuthibitisha. Akinyimwa, mzikeni marehemu na mmtunzie mwanenu nafasi ya kuja kutoa heshima zake baadaye. Wala asilaumiwe kwa kukosa.

Matapeli bado wanawafuata

Mnajua tayari kwamba kujiunga na KDF ni bure, na kwamba kuna vijana waliokamatwa kule Eldoret wakiwa na barua bandia za mwaliko walizouziwa. Msidhani utapeli umekwisha kwa kuwa wenu aliingia kihalali. Mtu anaweza kupiga simu na kujiita afande: mtoto wako ameumia, tuma pesa za hospitali, au, lipa kidogo apangiwe kazi nzuri.

Usitume hata shilingi. Kata simu, mtafute mwanao mwenyewe, au uende kambi ya jeshi iliyo karibu nawe kuuliza. Hakikisha pia kwamba nambari yako ya simu iliyoandikwa kwenye rekodi zake kama jamaa wa karibu bado inafanya kazi. Ukibadilisha laini, mwambie mapema aibadilishe na huko.

Kwa kifupi

- Mafunzo ya Mtongwe ni hatua nyingine, yenye vitabu, maji na mitihani.
- Mhimize aseme mapema akiogopa, akiugua au akiumia.
- Punguzeni madai ya pesa hadi amalize.
- Mahali alipo na safari zake zisionekane mtandaoni.
- Asiondoke kambini bila ruhusa, hata kwa msiba.
- Anayeomba pesa kwa jina la jeshi ni tapeli.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia atatembea pande zote za chombo, lakini mwishowe hurudi ndani. Kazi ya mzazi wakati huu ni kuhakikisha kwamba kijana akirudi kwa likizo, atakuta nyumba ya kupumzikia badala ya foleni ya wadai.