Piano ya Ukweli, Maiki Mbili, na Doo Kidogo: Jinsi ya Kurekodi Stereo Hapa Tao

Msee, piano ya mbao na nyaya haiko mbali vile unadhani. Makanisa mengi makubwa ya tao yako nayo, holi za shule pia, na Kenya Conservatoire of Music ni shule ya muziki iliyoanza 1944. Ukiomba vizuri unaweza kupewa masaa mawili. Ngori ni kuirekodi ibaki piano, isigeuke sufuria zinazogongana.

Doo ya kwanza mpelekee fundi wa kutyuni. Hakuna maiki inarekebisha waya uliolegea.

Halafu tafuta maiki mbili za kondensa za aina moja, zile nyembamba, pamoja na intafesi ya sauti yenye matundu mawili na umeme wa volti 48. Bila hizo volti, maiki nyingi za kondensa ni pambo tu. Ukinunua Luthuli, zijaribu hapo hapo dukani kabla ya kulipa. Kama unarekodi mara moja kwa mwaka, kodisha. Programu isikuumize kichwa: Audacity ni ya bure.

Sasa kazi yenyewe. Kama piano ni ile ya kusimama, isogeze mbali na ukuta na ufungue kifuniko cha juu. Weka maiki moja upande wa besi, nyingine upande wa noti nyembamba, kila moja sentimita 30 hivi juu ya uwazi, na kati yao sentimita 90. Hesabu ni rahisi: umbali kati ya maiki uwe mara tatu ya umbali wa maiki kutoka kwa piano. Sauti itatoka pana, tamu.

Lakini cheki hii. Msikilizaji wako ako na spika moja ya bluetooth kwa kibanda, si hedifoni. Sauti ikifika kwa maiki mbili kwa nyakati tofauti, halafu zichanganywe kuwa mono, noti zingine zinafifia kabisa. Kwa hivyo rekodi dakika moja, igeuze mono, sikiliza. Piano ikikonda, kutanisha vichwa vya maiki mahali pamoja, kimoja juu ya kingine, vikitazama pande mbili kwa pembe ya nyuzi 90. Upana utapungua kiasi, lakini hakuna noti itapotea. Mimi ningeanza na hiyo. Rekoda ndogo kama Zoom H1n iko na maiki zimepishana hivyo tayari, kwa hivyo mfuko ukikataa kabisa, hiyo inatosha.

Chezesha pale wimbo una nguvu zaidi, kisha punguza sauti ya kuingia hadi kilele kifike kama desibeli -12. Ikipasuka hapo, haitengenezeki baadaye.

Kuhusu kelele, mathree haziombi ruhusa. Omba Jumapili alfajiri, kabla ya ibada ya kwanza, zima feni, vua viatu vyenye kisigino. Simu nayo izime kabisa, usiiweke tu kwa mtetemo. Yangu ilitetemeka juu ya piano kwa noti ya mwisho, na ilikuwa meseji ya deni.